Namba kubwa si ya kusomwa tu

Mpe mtoto wa darasa la saba namba 4,294,967,297, na swali atakalolitegemea ni "andika kwa maneno". Ataandika bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, mpaka mwisho, apate vema yake, ageuze ukurasa. Mimi nafundisha hisabati na swali hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba tunaishia hapo. Namba imesomwa, haijaguswa.

Na namba hii ina mambo. Zidisha mbili 32 zote pamoja, kisha ongeza 1, utaipata. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, ambaye hisabati hata haikuwa kazi yake, aliamini kuwa ni namba tasa. Alikuwa na sababu: ndugu zake wadogo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa. Miaka zaidi ya tisini ikapita ndipo Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg mwaka 1732, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Sasa shika kalamu. Tarakimu ya mwisho ni 7, kwa hiyo 2 na 5 haziigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haimo. Ukitaka kuona kioja, igawe kwa kila mmoja wa wale ndugu zake watano: baki ni 2 tu, wote sawia. Wanafunzi wangu hudhani nimewapangia.

Euler hakubahatisha. Alieleza baadaye kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Sharti hilo linafagia karibu namba zote ndogo. Zinazosalia ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Uhakiki wake ni mistari mitatu: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, mara 1 ni yenyewe. Jumlisha. Fermat alikuwa na uwezo wote wa kufanya hesabu hiyo.

Wazazi huniuliza kama haya yatatoka kwenye mtihani. Hayatoki, na hilo ndilo ninalolalamikia. Watoto wetu hupimwa kama wanaweza kutamka bilioni, hawapimwi kama wanaweza kumbishia mtu kwa hesabu. Ningekuwa mtunga mtihani, ningeweka swali moja: "Mtu mwenye sifa kubwa amesema 4,294,967,297 ni namba tasa. Zidisha 641 kwa 6,700,417, kisha eleza kama unakubaliana naye." Alama tano, na kikokotoo kibaki nyumbani.