Fedha za Watoto Walemavu Shuleni Zihesabiwe

Katika chama chetu hakuna akubaliye kutoa mchango wake bila stakabadhi. Mweka hazina husimama mkutanoni akasoma yaliyoingia na yaliyotoka, na asiyeridhika huuliza. Lakini wengi wetu tuna watoto shuleni, na hesabu ya shule hatuiulizi.

Twasema hasa juu ya watoto viziwi, wasioona, na wenye kilema cha mwili au wazito wa kuelewa. Tangu mwaka 2003 serikali hupeleka fedha katika shule za msingi kwa hesabu ya watoto. Mwaka ule ilikuwa Sh. 1,020 kwa kila mtoto. Kwa ajili ya walemavu huongeza nyingine. Nyongeza hiyo ni ya mtoto, si ya shule.

Taabu huanza nyongeza inapotiwa mfuko mmoja na chaki na maji. Fedha zikichelewa, mwalimu mkuu hulipa kwanza anayemdai kwa sauti. Mwenye duka hudai. Mtoto kiziwi hadai. Hatusemi walimu ni wezi. Twasema kwamba kisichoandikwa mbali hupotea.

Wengine husema kumtumia mtoto mmoja fedha nyingi ni upendeleo. Sivyo. Treni ipandayo mlima huongezewa injini, wala abiria wa njia ya tambarare hasemi ameibiwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtoto apelekwe kupimwa. Vituo vya kupima watoto hawa vilianza Kenya mwaka 1984, na asiyepimwa mara nyingi hahesabiwi. Pili, fedha zake ziwe na ukurasa wake katika daftari, nao usomwe mbele ya wazazi kila muhula. Tatu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yaweka katika halmashauri ya shule wazazi sita, na mtu mmoja wa kuwasemea wenye mahitaji maalum. Ulizeni ni nani shuleni kwenu. Kama kiti ki tupu, kijazwe.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mlemavu haki ya kusoma. Haki isiyowekewa fedha ni maneno matupu.

Ndugu, mkutano wa wazazi ukiitwa, msiwaachie akina mama peke yao. Nendeni, mkaulize kwa adabu, na msiondoke bila jibu.

Umoja ni nguvu.