Kiti Bila Kalamu: Kutoka Saxony hadi Hanang

Wanafunzi wangu hudhani fasihi ya Kijerumani haituhusu. Nadhani inatuhusu. Mwaka 1886 kilichapishwa Berlin kitabu cha kumbukumbu kwa Kijerumani, na mwandishi wake alizaliwa Unguja mwaka 1844: Seyyida Salme binti Said, aliyejulikana Ulaya kama Emily Ruete. Katika jumba alimolelewa, wasichana walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Kuandika alijifunza kwa siri.

Ujerumani yenyewe haikuwa pepo ya wanawake. Louise Otto alianzisha gazeti la wanawake huko Saxony mwaka 1849. Mwaka uliofuata sheria ikawakataza wanawake kuhariri magazeti. Watawala walielewa kwamba neno lililosemwa hupita, lililoandikwa hugeuka ushahidi.

Tuitazame Hanang. Wanawake wa Kibarabaig hawakusubiri Ulaya iwafundishe kusema. Wanalo baraza lao, girgwageda gademga, lenye uwezo wa kumshtaki mwanamume aliyewavunjia heshima na kumtoza faini ya ng'ombe. Lakini msomi anayetaka kulifahamu huelekezwa kwenye kitabu cha George Klima cha mwaka 1970, kilichoandikwa kwa Kiingereza na mwanamume mgeni. Wenye baraza wametajwa, hawakuandika.

Jambo hili haliishii maktabani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Ni hatua njema. Lakini mjane anapodai shamba na mgogoro ukapanda ngazi, kinachosafiri ni karatasi. Ikiwa hoja ya mjumbe mwanamke, aliyoitoa kwa Kidatoga au Kiiraqw, imefupishwa kuwa “wajumbe walijadili”, basi kiti anacho, neno hana.

Wapo watakaosema shule zitamaliza tatizo hili. Louise Otto alijua kusoma na kuandika. Alichonyimwa ni mamlaka juu ya kinachochapishwa.

Kwa hiyo nawaomba watendaji wa Mbulu na Hanang: muhtasari usomwe kwa lugha ya msemaji kabla ya kutiwa saini, na mwanamke naye awe mwandishi wa kikao. Nanyi wanafunzi mtokao huko, andikeni maneno ya bibi zenu, kwa ridhaa yao na kwa majina yao wakitaka. Haki isiyoandikwa hutegemea kumbukumbu ya yule aliyeikataa.