Uzee si ugonjwa wa kutafutiwa sindano

Filamu ya The Substance ya Mfaransa Coralie Fargeat, iliyotwaa tuzo ya mswada bora kwenye tamasha la Cannes mwaka 2024, imejaa damu, sindano na mgongo unaopasuka. Lakini tukio linalotisha kuliko yote halina hata tone la damu. Elisabeth Sparkle, nyota aliyechujuka anayeigizwa na Demi Moore, ana miadi ya chakula cha jioni na mwanamume aliyesoma naye, ambaye amekwisha kumwambia kuwa bado ni mrembo. Anavaa, anajipamba, anakaribia kutoka, kisha anarudi kwenye kioo. Anarudi tena na tena, hadi anausugua uso wake kwa hasira na kubaki nyumbani. Hakuna aliyemfungia mlango. Hukumu ya waliomfukuza kazi ameshaihamishia moyoni mwake, na sasa anaitekeleza mwenyewe.

Wapo watakaosema huo ni ubatili wake, kwani hakuna aliyemlazimisha kujidunga dawa ya kumzaa Sue, yaani yeye mwenyewe katika mwili wa kijana, ili achukue nafasi yake. Tuangalie kilichotangulia. Elisabeth anaondolewa kwenye kipindi chake cha mazoezi siku anayotimiza miaka 50, na anayemwondoa ni Harvey, mwanamume mtu mzima ambaye makunyanzi yake hayahesabiwi na yeyote. Hadithi hii si ngeni. Mwaka 1959, katika The Wasp Woman ya Roger Corman, mwenye kampuni ya vipodozi anajidunga dawa ya nyigu kwa sababu sura yake imezeeka na mauzo yameporomoka. Miaka 65 inazitenganisha filamu hizo, na katika zote mbili riziki ya mwanamke imetundikwa kwenye ngozi yake. Anayechagua huku tonge lake likiwa mkononi mwa mwingine hajachagua kwa uhuru.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba filamu za aina hii zenyewe huufanya mwili wa mwanamke mzee kuwa kinyago cha kutishia watu. Kwa filamu ya Corman lawama hiyo inastahili, maana mwanamke anageuka dubwana na kuuawa. Fargeat naye kamera yake hukawia mno kwenye mwili wa Sue. Hata hivyo, kinachomwoza Elisabeth si umri. Sharti la dawa ile ni miili hiyo miwili kupokezana kila baada ya siku saba, na Sue analivunja. Kila siku anayojiongezea inakatwa kwenye mwili wa Elisabeth, kuanzia kidole kimoja. Miaka peke yake isingemfanya hivyo. Ameibiwa, na mwizi ni yeye mwenyewe.

Hapo ndipo filamu inapotugusa. Binti anayesifiwa kwa ujana wake tu anafundishwa kumchukia bibi atakayekuwa kesho. Wahenga walisema utu uzima dawa, lakini tumekubali uuzwe kwetu kama maradhi. Moore alipata tuzo ya Golden Globe kwa uigizaji huu akiwa na miaka 62. Kipaji kilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni nafasi, na nafasi hutolewa na watu. Wenye televisheni, matangazo na filamu waanze kuzitoa, ili mwanamke aweze kusimama mbele ya kioo, kuuona umri wake, na kutoka kwenda kwenye miadi yake.