Taa ya Nyuma ya Baiskeli: Uimara Kwanza, Mng'aro Baadaye

Jua halikawii kuzama katika mwambao wa Ziwa Victoria. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini ya ikweta, na mahali kama hapo jua hushuka karibu wima, si kwa mshazari mrefu kama katika nchi za kaskazini. Machweo yakishafika, kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni, utusitusi hudumu kwa dakika ishirini na ushei tu, kisha giza likatanda. Katika dakika hizo, njia zitokazo mjini kuelekea Kisesa, Usagara na Igombe hujaa watu wa baiskeli: mchuuzi wa samaki na tenga lake, mwashi atokaye kazini, mwanafunzi wa shule ya kutwa na mkoba wake mgongoni. Nyuma yao huja malori, mabasi na pikipiki. Iwapo dereva atawaona mapema au atawaona wakati umekwisha kupita, aghalabu huamuliwa na kifaa kisichozidi ukubwa wa kibiriti, yaani taa ya nyuma.

Watu wengi huichagua taa hiyo dukani kwa kuiwasha na kutazama inavyong'aa. Huo ni mtihani usiotosha. Taa inayong'aa sana juu ya meza ya muuza duka inaweza kuzimika kabla ya kufika mlima wa kwanza. Kwa barabara za changarawe na vijia vya mawe vya Mwanza, sifa ya kwanza ya taa ya nyuma ni uimara, na mng'aro hufuata baadaye. Hoja hii si ya ushabiki wa ufundi tu. Inaweza kuthibitishwa kwa fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari.

Hesabu ya dereva

Gari liendalo kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Ikichukuliwa kwamba dereva anahitaji sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, gari litakuwa limekwenda mita 25 kabla halijaanza hata kupunguza mwendo. Juu ya changarawe, ambako tairi huteleza, yahitajika kiasi cha mita 35 nyingine hadi lisimame. Jumla ni mita 60. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, mbele ya taa za gari zilizoinamishwa, huweza kutoonekana mpaka umbali ulio mfupi kuliko huo. Lakini nukta moja nyekundu, hata iliyo dhaifu, katika giza la shamba huonekana kwa mamia ya mita. Basi kazi ya taa ya nyuma si kumulika njia. Kazi yake ni kutoa habari kwamba mbele yuko mtu. Habari ndogo inayofika kila mara ni bora kuliko habari kubwa inayokatika njiani.

Adui wa kwanza: mtikisiko

Barabara ya changarawe iliyotumika sana hujikunja ikawa na matuta madogomadogo yaliyofuatana. Ichukuliwe kwamba kutoka tuta moja hadi jingine ni sentimita 60. Mtu aendeshaye kwa kilomita 15 kwa saa atapita matuta 25,000 katika saa moja, yaani karibu mapigo saba kila sekunde. Kila pigo hupanda kupitia tairi, spoki na fremu mpaka kwenye taa. Hakuna pigo moja kati ya hayo linaloweza kuvunja chuma, lakini metali hupatwa na uchovu: ufa mdogo usioonekana hurefuka kidogo kwa kila pigo, hadi siku moja kishikio kikatike bila sababu ya wazi.

Hapa ndipo kanuni ya nguzo na uzito inapoingia. Taa ya gramu 100 iliyoning'inia mwishoni mwa kishikio cha sentimita 10 huukaza mzizi wa kishikio hicho zaidi ya mara nane kuliko taa ya gramu 40 iliyo sentimita 3 tu kutoka mahali ilipofungwa. Kwa hiyo mnunuzi na atafute taa nyepesi, yenye kishikio kifupi na kipana, inayofungwa kwa skrubu na nati badala ya kubanwa kwa plastiki peke yake. Kipande chembamba cha mpira wa tyubu kuukuu kikiwekwa chini ya kishikio hupunguza makali ya mapigo, mradi skrubu ikazwe vema. Taa iliyolegea hupigwa mara mbili, mara ya kwanza na barabara na mara ya pili na kishikio chake yenyewe.

Mtikisiko huathiri pia kilicho ndani ya taa. Balbu ya zamani hutoa mwanga kwa kupasha moto waya mwembamba sana wa tangsteni. Waya huo, ukiwa wa moto mkali, ni dhaifu mithili ya uzi wa buibui, na mapigo ya barabara huukata. Diodi inayotoa mwanga, ambayo wengi huiita kwa herufi LED, haina waya wa kupashwa moto. Ni punje ya kipitishi nusu iliyofunikwa na plastiki ngumu, na mwanga hutoka pale elektroni zinapoanguka kutoka kiwango cha juu cha nishati kwenda cha chini. Diodi ya kwanza ya mwanga mwekundu unaoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962. Kwa bahati njema, rangi iliyotangulia kupatikana ndiyo hasa inayotakiwa nyuma ya baiskeli.

Wavuvi wa ziwani wamekwisha kutoa funzo hili kwa vitendo. Kwa miaka mingi dagaa walivuliwa katika usiku wa giza la mwezi kwa mwanga wa karabai za mafuta ya taa, zenye vioo vilivyopasuka na tambi laini zilizomeguka kwa msukosuko wa mawimbi. Katika miaka ya karibuni wengi wamegeukia taa za diodi zitumiazo betri. Lililofaa juu ya mtumbwi linafaa pia juu ya baiskeli, maana vyombo vyote viwili hutikiswa, na vyote viwili huhitaji kutunza nishati.

Adui wa pili: vumbi na maji

Wakati wa kiangazi vumbi la changarawe huingia katika kila upenyo, na wakati wa masika matope hurushwa na gurudumu moja kwa moja juu ya taa. Vumbi likikaa kati ya betri na chemchemi yake, umeme hukatika. Maji yakiingia, shaba hushika kutu ya kijani, na taa hufa polepole bila mwenyewe kujua.

Mafundi wa dunia wamekubaliana juu ya alama inayoonyesha kinga hiyo. Ni herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili, ya kwanza ya vumbi na ya pili ya maji. Alama ya IP67 maana yake ni kwamba vumbi haliingii kabisa, na kwamba kifaa kinaweza kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa bila kudhurika. Alama ya IPX4 humaanisha kinga dhidi ya maji yanayorushwa tu, na juu ya vumbi haisemi neno. Mwanafunzi akijua kusoma tarakimu hizo mbili atakuwa na silaha mbele ya maneno matamu ya muuzaji. Lakini na ajue pia kwamba alama huweza kuchapwa na yeyote, hivyo mwamuzi wa mwisho ni jaribio.

Adui wa tatu: njaa ya umeme

Taa isiyo na umeme ni pambo. Baiskeli nyingi kuukuu zilikuwa na dainamo ya kuzungushwa na tairi, ya volti 6 na wati 3: wati 2.4 kwa taa ya mbele na wati 0.6 kwa ya nyuma. Mpango huo ulikuwa na dosari mbili. Balbu ya mbele ikiungua, umeme wote hukimbilia ile ndogo ya nyuma nayo ikaungua papo hapo. Tena mwendeshaji akisimama, au akishuka kukokota baiskeli mlimani, dainamo nayo husimama na giza humfunika pale pale alipo katika hatari. Dainamo za siku hizi hutibu dosari hii ya pili kwa kuweka kapasita ndani ya taa, ambayo hutunza umeme wa dakika chache.

Kwa betri, hesabu ni nyepesi. Betri mbili za alkali za ukubwa wa AA zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 3, na huweza kutunza kiasi cha mili-ampea 2,000 kwa saa moja. Balbu ya tochi inayokula mili-ampea 300 itazimaliza kwa saa sita au saba. Diodi nyekundu huhitaji volti 2 hivi na mili-ampea 20, basi kikinzani cha omu 50 kikipunguza volti moja iliyozidi, taa itawaka kwa saa 100. Mwenye kusafiri saa mbili kila usiku atatumia betri hizo kwa usiku 50. Kila duka la kijijini huuza betri za namna hiyo. Taa ya kuchajiwa ni nzuri kwa mwenye umeme nyumbani, lakini tundu lake la chaji ni mlango wa vumbi, na kifuniko chake cha mpira kikipotea, kinga yote imepotea.

Kiakisi si mbadala

Wapo wasemao kwamba taa ni gharama ya bure, kwani kiakisi chekundu kinatosha. Hoja hii ina ukweli nusu. Kiakisi ni kifaa cha ajabu. Kimejaa pembe ndogondogo, kila moja ikiwa na nyuso tatu zinazokutana kwa pembe mraba, na mwali unaoingia humo huakisiwa mara tatu kisha ukarudi kule kule ulikotoka. Kwa kanuni hiyo hiyo, vioo 100 vilivyoachwa mwezini na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 huirudishia dunia miali ya leza. Kiakisi hakili betri wala hakivunjwi na mtikisiko.

Hata hivyo, kiakisi hurudisha tu kile kilichopokewa. Pikipiki isiyo na taa haitakiona. Gari linalokata kona halikimuliki mpaka limekwisha kukaribia. Matope yakikifunika, kinakufa. Mkataba wa Kimataifa wa Vienna juu ya Usafiri wa Barabarani, wa mwaka 1968, unataka baiskeli iwe na vyote viwili nyuma: kiakisi chekundu na uwezo wa kuonyesha taa nyekundu. Haukutaja viwili kwa kupenda wingi. Kila kimoja huziba pengo la mwenzake.

Jambo jingine husahauliwa mara nyingi. Taa nyingi hutengenezwa zifungwe kwenye nguzo ya kiti, na hapo ndipo gunia la mkaa au tenga la samaki linapozifunika kabisa. Mwenye kubeba mizigo na aifunge taa yake kwenye ukingo wa nyuma wa keria, ndani ya kingo za chuma zitakazoilinda wakati wa kupakia na kupakua.

Mtihani wa shule

Taa ikishanunuliwa, au kabla ya shule kununua nyingi, na ijaribiwe. Kwanza, itikiswe karibu na sikio: ikilia ndani, kuna kitu kilicholegea. Pili, iwashwe na kufungwa kwenye keria, kisha baiskeli iendeshwe kilomita moja juu ya njia ya mawe ndani ya eneo la shule. Mwanafunzi wa nyuma ahesabu mara inazopepesa au kuzimika. Tatu, izamishwe ndani ya ndoo kwa nusu saa ikiwaka, ikiwa imeuzwa kwa madai ya kustahimili kuzamishwa, kisha ifunguliwe na kukaguliwa. Nne, usiku, katika uwanja wa mpira na si barabarani, itazamwe kwa mita 100, mbele na pembeni. Matokeo yaandikwe katika jedwali. Darasa moja likifanya hivyo kwa taa tano za maduka ya mjini, litakuwa limejifunza mtikisiko, umeme na mwanga kwa wakati mmoja, na wazazi watapata ushauri ulio bora kuliko maneno yaliyochapwa kwenye kasha.

Wajibu haumwishii mnunuzi. Viwango vya kimataifa vya taa na viakisi vya baiskeli vipo, navyo ni ISO 6742. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, ndilo chombo kifaacho kuwakumbusha waagizaji kwamba taa ni kifaa cha usalama, si kitu cha kuchezea. Karakana ndogo zinazolelewa na SIDO nazo zaweza kutengeneza vishikio vya chuma vinavyofaa keria za mizigo, kwani kazi hiyo haihitaji mitambo ya fahari.

Mchuuzi wa samaki hawezi kuamuru barabara yote itiwe lami kesho, wala hawezi kumzuia dereva kukimbia. Anachoweza kuchagua ni nukta moja nyekundu itakayobaki ikiwaka nyuma yake baada ya tuta la elfu ishirini na tano. Na aichague kwa akili, na shule imwonyeshe namna.