KUBADILISHA ANTIVAIRASI SIO KUBADILISHA KAVA YA SIMU, TUSIDANGANYANE

Leo ubuyu wetu hauhusu nani kaachana na nani, unahusu kompyuta zenu za nyumbani. Msikimbie, mastaa pia wamo humu.

Kuna dada mmoja maarufu wa mitandaoni, jina kapuni, majuzi kapost antivairasi mpya. Kapendeza kama kawa, laptopu iko wazi mbele yake, anasema tangu ahamie huko kompyuta yake inaruka kama pikipiki ya bodaboda. Sasa wenye macho wakaona kitu: laptopu ni ile ya tunda lililong'atwa, na picha ya programu aliyobandika pembeni ni ya Windows. Yaani anatangaza kitu ambacho hata hakiko kwenye mashine yake! Lakini komenti zimejaa watu wanauliza "linki iko wapi dada".

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Wengi wetu tunabadilisha antivairasi kwa kufuata mkumbo, na namna tunavyobadilisha ni hatari kuliko hao virusi tunaowakimbia.

Chukua hadithi ya produsa mmoja wa hapa Dar, nyimbo zake mmezicheza sana harusini. Antivairasi yake ililipiwa mwaka, mwaka ukaisha, kila akiwasha mashine anapewa onyo jekundu. Kulipia tena hataki, akatafutiwa na fundi nyingine ya kampuni kubwa zaidi, ya kraki, kupitia kundi la Telegram. Maelekezo ya kuiweka yakaanza hivi: kwanza zima ulinzi wote wa kompyuta. Akazima. Baada ya siku mbili mafaili yote ya studio yakawa na mkia wa ajabu mwishoni mwa jina, hayafunguki, na kuna barua inamtaka alipe dola. Albamu ya msanii mmoja mchanga ilikuwa humo, sauti zote, hakuna nakala popote. Yule dogo alikuwa amelipia studio kwa hela za kubeba mizigo.

Kwa wasiojua, hii sio bahati mbaya ya mtu mmoja. Kuna familia ya virusi inaitwa STOP, wengine huiita Djvu, imesambaa duniani hasa kupitia programu za kraki. Ilikuwa inafunga mafaili yako halafu inadai dola 980, na ukijitokeza ndani ya saa 72 walikuwa wanakupunguzia nusu, dola 490. Wezi wana ofa kama za Black Friday. Sasa jiulize, mtu anayekupa mlinzi wa bure na sharti la kwanza ni ufungue mlango na ulale, huyo anakupenda sana au?

Haya, tuje kwa wale ambao hawatumii kraki ila wanabadilisha kienyeji. Unakuta mtu ana antivairasi ya zamani, anashusha mpya, anaiweka juu yake, basi. Anasema wakiwa wawili ulinzi unaongezeka. Hapana jamani. Kila antivairasi inataka kulikagua kila faili pale linapofunguliwa. Ukiweka mbili zinagombania faili lile lile, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwizi, kompyuta inakuwa nzito, feni inalia kama jenereta. Weka walinzi wawili wasiofahamiana kwenye geti moja, kila mmoja na rungu lake, uone usiku utaishaje.

Utaratibu sahihi sio mgumu. Shusha kwanza mpya kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, usiiweke bado. Ondoa ya zamani kupitia mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, halafu zima na kuwasha kompyuta. Kama mabaki yamegoma kutoka, kampuni nyingi kubwa zinatoa kifaa chao maalum cha kufuta mabaki, kinapatikana bure kwenye tovuti zao. Hapo ndipo unaweka mpya. Na kabla ya yote hayo, kama uliwahi kulipia kwa kadi, zima ile huduma ya kujilipia yenyewe kila mwaka, maana kufuta programu hakufuti makato.

Kuhusu ugumu wa kuondoa hizi programu kuna ubuyu wa kimataifa. Mzee mmoja aliyeanzisha antivairasi maarufu sana miaka ya 1980, jina lake ndilo jina la programu, kazi kwenu, aliondoka kwenye kampuni miaka ya 1990. Mwaka 2013 akatoa video ya vichekesho, na silaha na warembo ndani, akionyesha namna ya kuifuta programu yenye jina lake mwenyewe. Kama baba mzazi anakejeli hivyo, wewe mpangaji usione aibu ukisumbuka kuitoa.

Sasa swali kubwa, je unahitaji kuhama kwenda popote? Mimi msimamo wangu ni kwamba wengi wetu hatuhitaji. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta inakuja na Defender ndani yake. Ukiweka antivairasi ya kampuni nyingine yenyewe inakaa pembeni, ukiiondoa ile nyingine inarudi kazini. Miaka ya mwanzo ilikuwa inachekwa, lakini siku hizi maabara ya AV-TEST ya Ujerumani imeipa alama za juu mara nyingi tu. Kwa mtu anayeangalia muvi, anafanya kazi za chuo na kuedit picha, hiyo inatosha, mradi Windows yenyewe inapata apdeti. Na hapa nipige kengele: Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Unahangaika kubadilisha kufuli wakati ukuta una ufa.

Mnakumbuka WannaCry ya Mei 2017, ile iliyofunga kompyuta za hospitali Uingereza? Microsoft walikuwa wametoa dawa ya lile tundu tangu Machi mwaka huo huo. Miezi miwili kabla! Waliolizwa wengi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimepata ile apdeti. Sisi tunazima apdeti kuokoa bando, halafu tunatafuta antivairasi kali. Zima video zinazojicheza zenyewe, bando litabaki.

Najua wapo watakaosema "mbona kuna za bure za makampuni makubwa". Zipo, na nyingine nzuri. Ila bure nayo ina mwenyewe. Avast, moja ya zilizopendwa sana kwenye kompyuta za nyumbani, mwaka 2024 iliamriwa na mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, kulipa dola milioni 16.5, kwa sababu taarifa za watumiaji kuhusu tovuti wanazotembelea zilikuwa zinauzwa kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Mlinzi uliyemwajiri asimame mlangoni kumbe anawaambia majirani nani kaingia saa ngapi.

Hata za kulipia zina vituko vyake. Marekani ilipopiga marufuku Kaspersky mwaka 2024, wateja wa huko waliambiwa watahamishiwa kampuni nyingine. Septemba hiyo hiyo baadhi yao wakawasha kompyuta na kukuta Kaspersky haipo, kuna kitu kinaitwa UltraAV kimekaa pale, wao hawajabonyeza chochote. Wengine walidhani wamevamiwa. Ndio ujue antivairasi ina mamlaka gani ndani ya mashine yako: inaweza kujiondoa na kumleta mgeni bila kubisha hodi. Kitu chenye nguvu hiyo hakichaguliwi kwa sababu dada mrembo kakitangaza.

Simkatazi mtu kulipia. Kama una watoto nyumbani unataka kuwawekea mipaka, au una mashine nne na simu juu, au unataka kifaa cha kutunza nywila, lipia, hela yako. Ila angalia bei ya mwaka wa pili, maana nyingi zinakuvuta kwa punguzo la mwaka wa kwanza halafu zinapanda.

Lakini kwa vijana wa kazi zetu hizi, maprodusa, wapiga picha, maDJ, nawaambia hivi: hiyo hela ya antivairasi nunua hard disiki ya nje. Nakili kazi zako humo, ichomoe, iweke kabatini. Ichomoe kweli, ikibaki imechomekwa nayo inafungwa pamoja na kompyuta. Hakuna antivairasi duniani inayokamata kila kitu, ila hakuna mwizi wa mtandaoni anayeweza kufunga kitu kilichopo kabatini.

Na nyie mastaa wetu wapendwa, kutangaza wigi na juisi ya kupunguza tumbo tumewazoea. Hii ya ulinzi wa kompyuta, kama hutumii, usituuzie. Huko kwenye linki zako kuna watu wanapoteza kazi za miaka mitatu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe unatumia ipi, na uliyoihama uliihama kwa sababu gani? Tiririkeni hapo chini, ila atakayeweka linki ya kraki komenti yake naifuta.