Kalebu na chemchemi za binti yake



Tukimzika mzee aliyekuwa askari, tunazisoma medali zake zote. Ni vyema. Wazee wa Keya waliopigana Burma mwaka wa 1944 wanastahili heshima hiyo. Lakini mtazame Kalebu. Alitumwa kuipeleleza nchi akiwa na miaka 40. Akiwa na 85 bado aliomba mlima wa Hebroni, walikokaa Waanaki (Yoshua 14). Jemedari kweli kweli!

Sura inayofuata inamwonyesha akiwa baba. Aksa, binti yake, anaomba maji, naye anampa chemchemi za juu na za chini. Aliomba bila woga kwa sababu alimjua babake. Mimi nasema urithi mkubwa wa askari huyo ni huo.

Nasi watoto, tusingoje hema na matanga ndipo tumsifu mzee. Kuchanga elfu kumi za jeneza, na dawa yake ya presha ilikosa mnunuzi, si heshima. Mpigie leo. Muulize aliyoyapitia, wajukuu wasikie.