Mtoeni Mgeni Kitini

Ndugu zangu wa Chake Chake, hapa Pemba, leo nina ugomvi na kiti. Nakusudia kile kiti kizima cha plastiki kilichomo karibu kila nyumba, ambacho Mzungu akipiga hodi hukimbiliwa, kikafutwa kwa upindo wa kanga na kuwekwa uani, naye akakalishwa hapo peke yake huku wenye nyumba wote wamekaa mkekani. Mtoto hutumwa dukani akakope soda ili mgeni asikae mkavu. Tukishafanya hayo twajiona tumekirimu.

Simsemi mtalii. Huyo hupita na gari yake kwenda Misali au Vumawimbi, hana haja nasi wala sisi naye. Namsema mgeni wa kujitolea, kijana aliyetoka Ujerumani, Marekani au Japani kuja kukaa nasi miezi sita au mwaka, asomeshe skulini au asaidie kwenye kituo cha afya. Ameshapita Uhamiaji akapata kibali, sheha ameandika jina lake. Asubuhi anapanda gari ya abiria nambari 606 kama sisi, amebanwa baina ya polo la mkaa na kapu la dagaa. Lakini akishuka tu, tunamrudisha kitini.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaisomesha watoto na kuwatungia mtihani. Nani kati yetu amewahi kumpa Mzungu jembe?

Mimi mwenyewe nimekosa, na nakiri. Zamani, nilipokuwa nasomesha, kijana mmoja alikaa chumba cha uani kwangu mwaka mzima. Nikizungumza naye Kiingereza changu cha kuungaunga kwa sababu nilipenda majirani wanisikie. Chai yake ikitiwa maziwa ya kopo, watoto wangu wakinywa ya rangi. Alikuwa akiwapiga picha watoto wa watu bila ya kuuliza. Mbele yake watu wakicheka, akigeuka wakinung'unika. Siku ya Ijumaa alikatiza mbele ya msikiti na kaptura wakati watu wanatoka kusali. Hakuna aliyemwambia neno, na mimi niliyemlaza kwangu nilikuwa wa kwanza kunyamaza. Alipoondoka, Kiswahili chake kilikuwa ni "hakuna matata", neno ambalo Mpemba halitamki ila akimuigiza mtalii. Mwaka mzima! Tulimsengenya kwa kutojua mambo ambayo hatukumfundisha, kisha tukaita hiyo ni heshima.

Sasa sikilizeni habari ya mwengine. Msimu mmoja wa karafuu, bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na majamvi mawili ya karafuu mbichi na watu hawamtoshi. Mwalimu wa kike wa kigeni alikuja kuamkia, akasema shikamoo yake vizuri. Bibi akaitika marahaba, na badala ya kuita kiti akasogea, akampigia jamvi kofi: "Kaa hapa, mwanangu, tuchambue." Binti akakaa. Akawa anashika kikonyo na kuzitoa karafuu moja moja. Bibi akamtazama, akacheka hadi kanga ikamvuka kichwani. "Ukizidonoa kama kuku, alfajiri itakukuta hapa. Lete mkono." Akamkamata kiganja, akambandika kichala cha karafuu, akamwonyesha namna ya kukibana na kukizungusha hadi karafuu zikamwagika kwa pamoja na makonyo yakabaki mkononi. Binti alirudi usiku wa pili na wa tatu. Kucha zikamgeuka rangi, nguo zikanuka karafuu hata kwenye gari watu wakimuuliza ana shamba wapi.

Usiku wa tatu ndipo aliposikia jambo. Darasa lake lilikuwa nusu tupu wiki hizo, naye alikuwa ameshaandika kwa waliomtuma kwamba wazazi wa hapa hawathamini elimu. Pale jamvini, katika maneno ya kupitisha usiku, akajua watoto wako chini ya mikarafuu wanaokota zilizoanguka, na kwamba daftari na sare za mwaka unaofuata hutoka humo. Kesho yake alikwenda kwa mwalimu mkuu, wakawaita wazazi, wakakubaliana watoto wale wasomeshwe baada ya Alasiri mpaka msimu uishe. Hakupata hilo katika semina yoyote. Kama angekalishwa kitini, angeondoka na barua yake ile ile.

Mtaniambia hicho ni kisa cha mtaa mmoja. Haya, tazameni kisiwani kwetu kwa upana. Mwaka 1897, mwaka ule ule hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja na Pemba, Waquaker, Wakristo wa dhehebu moja la Uingereza, walileta watu wao hapa, wakaanzisha shamba la mikarafuu la Banani ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira. Theodore Burtt, aliyekuwa mkubwa wao, aliishi Pemba miaka mingi. Nia yao siikashifu. Kumlipa mtu aliyekuwa mtumwa si jambo dogo. Lakini mpango wote, kuanzia kazi hadi skuli na ibada, walikuja nao kutoka kwao, na wafuasi wao katika kisiwa hiki cha Waislamu walibaki wachache.

Linganisheni na Kokota, kile kisiwa kidogo cha magharibi kilichokuwa kimekwisha miti na taabu ya maji imewakaba watu. Jeff Schnurr, kijana wa Kanada aliyekuwa amefanya kazi ya kupanda miti kwao, alikuja Pemba kama mpita njia. Watu wa hapa ndio waliomuuliza habari ya miti. Akashikana na Mbarouk Mussa Omar, Mpemba, na kuanzia mwaka 2008 jumuiya yao ikapanda miti na kuvuna maji ya mvua pamoja na wenyeji. Hapo mwenye shida ndiye aliyetangulia kusema.

Na pale Wawi, wangapi kati yetu hupita mbele ya Maabara ya Afya ya Jamii bila ya kumkumbuka Ivo de Carneri? Alikuwa Mtaliana, mtaalamu wa vimelea, aliyeshughulika na kichocho na minyoo katika kisiwa hiki. Alifariki 1993, na maabara yenye jina lake ikafunguliwa mwaka 2000. Leo iko chini ya Wizara ya Afya, Wazanzibari ndio wanaopima mikojo ya watoto na kuwatafuta konokono mabondeni. Mgeni hayupo, kazi ipo, kwa kuwa iliingia mikononi mwa watu wa hapa.

Yuko atakayesema: tukiwabana wageni hawa watatukimbia, na misaada itakwenda nao. Wa kukimbia akimbie. Anayekuja wiki mbili kupaka rangi ukuta wa skuli, huku mafundi wetu wa rangi wamekaa barazani wakimtazama, hasara ya kuondoka kwake ni ipi? Afadhali anunue rangi, ampe fundi ujira. Lakini aliyekuja kwa moyo hakimbii kwa kuambiwa "hapa hujafanya sawa". Wengi wao, mkiwauliza kwa Kiswahili, watakwambieni kinachowachosha kuliko mbu na kukatika kwa umeme ni kule kuwa mgeni mwezi wa tisa kama walivyokuwa siku ya kwanza.

Basi nakuombeni mambo machache. Masheha, akiletwa mgeni wa kujitolea, muulizeni mbele ya watu: kazi hii utamwachia nani? Kama hana jina la mwenyeji wa kujifunza kando yake, mtafutieni. Kituo cha afya kimfungamanishe na wahudumu wa kujitolea wa jamii, wale kinamama wanaopita nyumba kwa nyumba kwa miguu, maana nao wanajitolea ingawa hakuna anayewakimbilia na kiti. Walimu, acheni kumtumia mgeni kunolea Kiingereza chenu. Msahihishieni Kiswahili chake kila akikosea, hata ngeli. Kinamama, mwambieni wazi habari ya nguo na picha, kwa upole, siku ile ile.

Na karafuu zikianza kushuka, mkimwona amekaa peke yake kitini na soda yake mkononi, sogeeni, mumwite jamvini.